Bodi imenyamaza kwenye nitrojeni ya kimiminika: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Malalamiko ya watu wanaopeleka elektroniki kwenye baridi kali yanafanana mno. Bodi imefanya kazi mezani bila tatizo, imezamishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, ikanyamaza. Imetolewa, imepata joto, ikafufuka. Mwenye bodi anabadilisha transista, anazamisha tena, na hali ni ile ile.

Transista inayorudi nzima ikipata joto haikuwa mbovu. Ama baridi imebadilisha hesabu zake, ama imemwangusha jirani yake: kapasita, rezista au regyuleta (kifaa cha kusawazisha volteji). Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na mara nyingi utakuambia uiache transista kwanza ukague vilivyoizunguka.

Baridi tunayoizungumzia si ya friza. Nitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye kelvini 77 (77 K), yaani nyuzi 196 chini ya sifuri. Heliamu ya kimiminika huchemka kwenye 4.2 K, nyuzi 269 chini ya sifuri. Wanaofanya kazi huko ni watu wa darubini za redio, wa vigunduzi vya miale ya gama, wa vyombo vya anga za mbali, na siku hizi wa kompyuta za kwanta. Hata hivyo 77 K haiko mbali nasi: nitrojeni ni ile ile inayotunza mbegu za ng'ombe kwenye vituo vya uhimilishaji kama Usa River kule Arusha au Kabete nchini Kenya. Mwanafunzi mwenye chupa ya nitrojeni na transista za dukani anakutana na nusu ya matatizo yaliyomo humu.

Kabla ya kuzamisha chochote

Lita 1 ya nitrojeni ya kimiminika hutoa takriban lita 700 za gesi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, inaisukuma oksijeni nje, na mtu huanguka bila kuhisi kwamba anakosa hewa. Fanya kazi penye hewa inayopita, usiwe peke yako, vaa miwani na kinga ya uso, na glavu pana zinazovulika upesi. Usifunge chombo kwa kifuniko kinachobana, kwa sababu kitalipuka. Mwenzako akianguka karibu na chombo, usimfuate ndani bila kifaa cha kupumulia; toka, ita waokoaji. Heliamu usiiguse kabisa kama hukufundishwa.

Baada ya hapo chukua mita na daftari. Bodi ikiwa ya joto, andika volteji ya kila mguu wa transista, volteji ya umeme ukiwa umeshafika kwenye bodi (si pale kwenye pawasaplai), na mkondo wote unaoingia. Ukishazamisha, andika vipimo hivyo hivyo kando yake. Asiye na safu hizo mbili anabahatisha tu, na kubahatisha kwa nitrojeni ni gharama.

Dalili: amplifaya ya transista ya BJT imepoteza nguvu, na kolekta imepanda kuelekea volteji ya chanzo

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, hasa kwa BJT (transista zenye miguu ya beisi, emita na kolekta) kama 2N3904, 2N2222 na BC547. Ina vyanzo viwili vinavyokuja pamoja, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni volteji ya beisi na emita. Kwenye silikoni hupanda kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 unayoshuka. Mezani ni kama 0.65 V, kwenye 77 K ni 1 V au zaidi kidogo. Saketi iliyotegemea 0.7 V kuifungua transista haiifungui tena.

Cha pili ni kuporomoka kwa beta, yaani mara ngapi mkondo wa kolekta unazidi ule wa beisi. Emita ya transista ya kawaida imechanganywa fosforasi au boroni nyingi sana, na wingi huo hulifanya pengo lake la nishati (nishati ambayo elektroni inahitaji ili iwe huru kubeba mkondo) kuwa jembamba kuliko la beisi. Kwenye joto la chumba tofauti hiyo haisumbui. Joto likishuka, mkondo wa beisi unaopotelea kwenye emita unachukua sehemu kubwa zaidi na zaidi ya mkondo wote, kwa sababu tofauti ya pengo hugawanywa kwa nishati ya joto, nayo imepungua. Transista ya beta 200 inaweza kubaki na beta ya makumi machache au chini yake.

Kuvitenganisha hakuhitaji chombo chochote zaidi ya mita. Chukua saketi ya kawaida: chanzo 12 V, rezista za beisi kilo-omu 47 juu na 8.2 chini, emita kilo-omu 1, kolekta kilo-omu 4.7. Mezani, kwa beta 200, kolekta itakaa karibu na 6.9 V. Ikiwa baridini kilichobadilika ni volteji ya beisi na emita tu, mkondo unashuka hadi kama miliampea 0.7, kolekta inapanda hadi 8.6 V hivi, na beisi inabaki pale pale karibu na 1.75 V. Lakini kama beta nayo imeanguka, tuseme hadi 10, beisi inaanza kunywa mkondo kutoka kwenye rezista zake: inazama hadi karibu 1.5 V na kolekta inapanda hadi 10 V. Kwa hiyo itazame beisi. Ikiwa imesimama imara, tatizo ni volteji ya kufungulia. Ikiwa imezama, tatizo ni beta.

La kwanza lina dawa rahisi. Ongeza volteji ya beisi na ukuze rezista ya emita, ili ile nyongeza ya volti 0.4 iwe sehemu ndogo ya jumla, au ulishe emita kwa chanzo cha mkondo kisichobadilika. La pili halina dawa ndani ya transista ile ile. Unaweza kushusha thamani za rezista za beisi ili zimudu mkondo mkubwa, na kwenye 77 K hilo mara nyingi latosha kwa kazi isiyo nyeti. Ukitaka kwenda chini zaidi, badilisha aina. Transista za silikoni na jemaniamu, zinazoandikwa SiGe HBT, zimejengwa kinyume: pengo la beisi ndilo jembamba, kwa hiyo beta yao huongezeka kwenye baridi, na hufanya kazi vizuri hata kwenye 4 K.

Kipo chanzo cha tatu, nacho hutokea chini ya 40 K hivi: vibeba chaji vyenyewe vimeganda. Elektroni ya fosforasi ndani ya silikoni, au tundu la boroni (nafasi ya elektroni inayokosekana), huhitaji takriban milielektronivolti 45 kujitoa. Nishati ya joto kwenye chumba ni karibu milielektronivolti 26, na inatosha kuachilia karibu zote. Kwenye 77 K ni 6.6, na zilizo nyingi bado zinatoka. Kwenye 4.2 K ni 0.36, na beisi inageuka kuwa kihami. Hapo usihangaike na rezista. Transista hiyo haikuumbiwa kazi hiyo. (Jemaniamu huhitaji kama milielektronivolti 10 tu, kwa hiyo hustahimili baridi kali zaidi kabla ya kuganda. Ukikutana na transista za jemaniamu kwenye redio za zamani, usizitupe kabla ya kuzijaribu.)

Dalili: inafanya kazi ikizamishwa ikiwa imewashwa, lakini ukiizima haiwaki tena

Hapa watu huanza kusema saketi ina mashetani. Anza kwa kupima volteji inayotoka kwenye regyuleta, kama iko ndani ya baridi.

Mara nyingi regyuleta ndiyo yenye kosa. Ndani yake kuna rejea ya volteji iliyojengwa kwa BJT, zile zile ambazo tumeona beta zao zinaanguka, pamoja na kijisaketi kidogo cha kuianzisha. Ikishuka ikiwa imewashwa, joto lake yenyewe huiweka hai. Ukiizima hata kwa dakika chache joto hilo linapotea, na kijisaketi cha kuanzishia hakina nguvu ya kuiamsha. Nyingine huwaka lakini hutoa volteji isiyo sahihi, na hilo ni baya zaidi kwa sababu halionekani hadi upime. Sioni faida ya kuhangaika kuitafuta regyuleta itakayovumilia. Iweke nje, kwenye joto la chumba, na uingize umeme uliokwisha kusawazishwa kwa waya.

Kama regyuleta iko nje na tatizo bado lipo, tazama JFET, transista ambayo volteji ya mguu wake wa geti hudhibiti mkondo kati ya sosi na dreni. JFET ya silikoni ina tabia inayopotosha: ukishuka kutoka joto la chumba, mkondo wa dreni hupanda kwanza na kelele hupungua, na mahali pazuri kabisa ni kati ya 110 K na 140 K hivi. Ukizidi kushuka mkondo hupinda na kuporomoka, kwa sababu njia ya mkondo ndani ya JFET inategemea vibeba chaji vya mchanganyiko, na hivyo vinaanza kuganda. JFET iliyowashwa hujipasha yenyewe ikabaki juu ya mporomoko. Iliyozimwa hutumbukia.

Jaribio lake ni hili: bandika rezista ndogo ya filamu ya metali kwenye kifuko cha JFET, ipe milivati chache, halafu tazama mkondo wa dreni. Ukirudi taratibu kadiri unavyoipasha, umepata jibu, na rezista hiyo hiyo ndiyo dawa. Si njia ya kienyeji. Vyombo vya anga vinavyosoma bolomita (vigunduzi vinavyopima mionzi kwa joto ambalo mionzi hiyo huleta) zilizo chini ya 1 K huweka JFET zao kwenye kijisanduku kilichotengwa na baridi, zikipashwa hadi karibu 120 K, ilhali bolomita zenyewe ni baridi kuliko anga.

Cha mwisho, kisicho cha kawaida sana, ni kristali ya saa (inayotoa mapigo ya kuongoza bodi) ambayo haianzi kutetema. Ilishe saa kutoka nje kwa waya. Bodi ikiwaka, basi.

Dalili: amplifaya inajipigia mawimbi yenyewe, au kelele imeongezeka ghafla

Kwenye osiloskopu unaona wimbi ambalo hukuliingiza. Mara nyingine huoni kitu, kwa kuwa mawimbi yako juu ya uwezo wa osiloskopu yako, na dalili pekee ni hii: unazungusha volteji ya geti polepole, na mkondo wa dreni, badala ya kupanda taratibu, unaruka kwa ngazi. Mkondo unaoruka ni amplifaya inayojipigia hadi uthibitishe vinginevyo.

Anza na kapasita za kusafisha umeme. Narudia: anza na kapasita. Seramiki za X7R hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwenye 77 K. Za Y5V na Z5U hupoteza karibu yote. Elektrolitiki za alumini zina kimiminika ndani, kimiminika hicho huganda, na kapasita ya mikrofaradi 100 hubaki jina tu. Saketi iliyokuwa na bwawa la chaji mlangoni sasa haina hata ndoo. Zinazobaki na thamani yake ni seramiki za C0G, ambazo pia huandikwa NP0, na filamu za polipropileni. Tantalamu kavu hupoteza kiasi lakini hutumika. Huna haja ya kuamini maneno ya mtu: funga kapasita moja kwenye waya mbili, pima thamani ikiwa mezani, izamishe, pima tena, kisha toa thamani ya waya zenyewe.

Hali ya rezista inafanana na hiyo. Za filamu nyembamba ya metali hubadilika kwa asilimia 1 hivi au pungufu. Chipu za filamu nene zenye oksidi ya rutheniamu hupanda kwa kasi ukikaribia 4 K, kiasi kwamba wengine huzitumia kama vipimajoto. Za kaboni hupanda hata zaidi. Ukiwa na rezista ya filamu nene kwenye mzunguko wa kurudisha ishara, ukuzaji wako kwenye 4 K si ule uliouhesabu.

Kama kapasita ni za C0G na bado inajipigia, basi transista imekuwa na nguvu kupita kiasi. Kwa BJT, kwa mkondo ule ule wa kolekta, uwezo wa kubadili volteji kuwa mkondo huongezeka karibu mara 4 ukifika 77 K. Kwa MOSFET (ambayo geti yake imetengwa kwa oksidi) na HEMT (ambayo elektroni zake hupita mpakani mwa semikondakta mbili), elektroni hukimbia kwa wepesi zaidi kwa kuwa atomi za fuwele zimetulia. Na shaba yenyewe ukinzani wake hushuka hadi kama sehemu 1 ya 8 kwenye 77 K, kwa hiyo koili na njia za bodi zilizokuwa zikipunguza makali ya mawimbi haziyapunguzi tena. Mezani ulikuwa unaokolewa na upotevu, baridi imeuondoa. Weka rezista ya omu 10 hadi 50 karibu kabisa na geti au beisi, punguza mkondo, fupisha waya wa ardhi. Usitegemee shanga za feraiti, maana nyingi hupoteza nguvu yake ya sumaku kwenye baridi.

Kelele isiyo ya kujipigia, ile ya masafa ya chini inayonguruma au kuruka kati ya viwango viwili, kwenye MOSFET za 4 K ni ya kawaida. Hutoka kwenye mitego ya elektroni mpakani mwa oksidi. Transista yenye eneo kubwa la geti husaidia. Zaidi ya hapo, ivumilie.

Dalili: MOSFET inawaka kwa kuchelewa, na mchoro wake una kinundu

MOSFET ndiyo inayostahimili baridi kuliko zote za silikoni, na sababu yake inafaa kueleweka: elektroni za njia ya mkondo huvutwa na geti kutoka kwenye sosi na dreni, ambazo zimechanganywa nyingi mno kiasi cha kutoganda. Ndiyo maana saketi za mantiki za CMOS (zilizojengwa kwa MOSFET), hata za kizamani za mfululizo wa 4000, mara nyingi huendelea kufanya kazi kwenye heliamu. Watafiti wa Delft, Uholanzi, waliendesha FPGA (chipu inayoweza kupangwa upya) ya Artix-7 kwenye 4 K, na mwaka 2019 Intel walitangaza Horse Ridge, chipu ya nanomita 22 iliyobuniwa kuendesha kyubiti (vipande vya msingi vya kompyuta ya kwanta) ikiwa ndani ya jokofu kwenye karibu 4 K.

Kuchelewa kuwaka ni volteji ya kizingiti (volteji ya geti inayoanza kuifungua transista) iliyopanda. Kwenye teknolojia za kisasa huongezeka kwa takriban 0.1 hadi 0.2 V ukifika 4 K. Kwenye za zamani, zaidi. Kama unaendesha chipu kwa 1 V, nyongeza hiyo si ndogo. Pandisha volteji ya geti, au kama chipu ni ya aina yenye geti ya nyuma, irudishe kizingiti kwa kuivuta hiyo.

Kinundu ni jambo jingine. Ukichora mkondo wa dreni dhidi ya volteji ya dreni kwenye 4.2 K, mstari uliopaswa kulala unainuka ghafla kwenye volteji fulani. Pandisha volteji taratibu kisha uishushe: kama njia ya kwenda na ya kurudi hazilingani, umethibitisha. Mwili wa silikoni chini ya transista umeganda na kuwa kihami. Elektroni zenye kasi karibu na dreni zinagonga atomi na kuzalisha matundu, matundu hayana pa kutokea, yanajikusanya mwilini na kukishusha kizingiti. Punguza volteji ya dreni hadi chini ya kinundu na tatizo linaisha. Chipu za teknolojia nyembamba zinazotumia volteji ndogo huenda zisikuonyeshe kinundu kabisa.

Onyo linalopuuzwa: kwenye baridi elektroni husafiri mbali zaidi kabla ya kugonga kitu, zinapata kasi, na nyingine zinachomekwa kwenye oksidi ya geti. Madhara hayo hayarudi nyuma ukipasha. Usipandishe volteji kupita kiwango cha mtengenezaji eti kwa sababu "baridi inaipoza". Ukiona kizingiti kinahama kidogo kidogo siku hadi siku, shusha volteji ya dreni leo, si kesho.

Ipo pia dalili ndogo inayochekesha: pini iliyoachwa hewani inakumbuka hali yake ya jana. Uvujaji kwenye baridi ni karibu na sifuri, kwa hiyo chaji inakaa. Funga kila pini isiyotumika kwa rezista kwenye ardhi au kwenye chanzo.

Dalili: HEMT imepoteza ukuzaji baada ya kushushwa

Hizi ndizo transista za mbele kwenye vipokezi vya darubini za redio. Kabla ya yote pima mkondo wa geti kwa volteji ndogo. Ukiwa mkubwa kuliko ulivyoandikwa wakati wa joto, geti imepigwa na umeme tuli, na hakuna la kufanya ila kubadilisha. HEMT huumizwa na chaji ambayo kidole chako hakiisikii. Vaa mkanda wa ardhi na uunganishe ardhi kwanza, dreni na geti baadaye.

Kama geti ni nzima, punguza mkondo wa dreni. Mahali pazuri pa kazi kwenye 15 K si pale pa joto la chumba. Huwa chini zaidi. Na kama ni HEMT za kizamani za galiamu arsenaidi na alumini, zipo elektroni zilizonaswa kwenye mitego wakati wa kushuka, na mwanga huzitoa. Ndiyo maana baadhi ya amplifaya hizo zina LED ndani inayozimulika, na LED hiyo ikifa ukuzaji unaporomoka. Kumbuka LED nayo huhitaji volteji kubwa zaidi kwenye baridi. Usiipe 2 V ya mezani ukasema imeungua. Aina za indiamu fosfaidi kwa kawaida hazina shida hii.

Kifuniko cha moduli hiyo usikifungue. Ndani kuna nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele, na kuzigusa ni kununua nyingine. Hapo simama, mpelekee mwenye mashine ya kuunga nyuzi.

Dalili: inawaka na kuzimika, ukiigonga inarudi

Hili si la transista. Vitu vinajikunja kwa viwango tofauti: kutoka joto la chumba hadi 4 K shaba hufupika kwa 0.3% hivi, alumini 0.4%, teflon karibu 2%, na bodi ya FR-4 (ya nyuzi za kioo na resini) hupungua unene kuliko upana, ikivuta matundu yaliyopakwa shaba. Kagua kwanza soketi na viunganishi, halafu maungio ya solda, halafu kapasita kubwa za seramiki, ambazo hupasuka kwenye pembe bila kuonekana kwa jicho. Solda ya bati na risasi huvumilia kuliko ile isiyo na risasi. Shusha joto polepole, nyuzi chache kwa dakika: ining'inize bodi kwenye mvuke juu ya nitrojeni kwanza badala ya kuichovya.

Wapo wanaolaumu ule ugonjwa wa bati kugeuka unga wa kijivu. Ugonjwa huo upo, lakini kasi yake kubwa ni kwenye nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri na huchukua miezi au miaka. Kuzamisha kwa saa moja kwenye 77 K hakuuleti.

Dalili: kipimajoto kinasema 4 K, transista inajiendesha kama iko kwenye 30 K

Kipimajoto kinapima mahali kilipo, si mahali transista ilipo. Ndani ya ombwe hakuna hewa ya kubeba joto. Chipu iliyobandikwa juu ya plastiki inajipikia peke yake. Gawa nguvu yake kwa 2 na utazame kama mchoro unahama. Ukihama, kuna kujipasha. Bana bodi kwenye shaba kwa skrubu, weka mafuta ya kupitisha joto au karatasi nyembamba ya indiamu katikati, na ufunge waya zinazotoka nje kwenye kila ngazi ya baridi kabla hazijafika chini. Ziwe za fosfa-bronzi au manganini, si za shaba nene. Mashine nyingi za kupozea hadi 4 K huondoa wati 1 hadi 1.5 tu kwenye ngazi hiyo ya mwisho, na regyuleta moja iliyosahaulika ndani inaweza kuimaliza yote.

Kuthibitisha kipimajoto cha diodi ya silikoni, kipe mkondo wa mikroampea 10. Kwa diodi za kawaida za kazi hii utaona karibu 0.56 V kwenye chumba, 1.02 V kwenye nitrojeni na 1.58 V kwenye heliamu. Ukipata 0.9 V ndani ya nitrojeni, uwezekano mkubwa ni kwamba diodi haijagusana vizuri na kitu unachodai kukipima.

Dalili: ilifanya kazi baridini, imekufa ilipopashwa

Umande. Bodi iliyotolewa kwenye nitrojeni huvutia maji yote ya hewani, na Dar es Salaam au Mombasa maji hayo si kidogo. Zima umeme kabla ya kuitoa, iweke kwenye mfuko wenye gesi kavu ya nitrojeni hadi ifike joto la chumba, ikaushe, ndipo uiwashe. Iliyowashwa ikiwa na maji huliwa shaba karibu na pini za volteji kubwa. Safisha kwa pombe ya isopropili na uangalie kwa kikuzio kama kuna alama za kijani.

Kapasita au kifuko kilichofungwa ambacho nitrojeni ilipenya ndani yake kinaweza kupasuka kikipashwa haraka, kwa hiyo usiinamie bodi inayopata joto na usitumie bunduki ya hewa moto. Ukiona kimiminika chenye rangi ya samawati hafifu chini ya chombo kilichokaa wazi siku nyingi, hiyo ni oksijeni ya hewani iliyogeuka kimiminika, nayo huwasha mafuta na mpira kwa ukali; ondoa vyanzo vya moto, ondoka, mwite msimamizi wa maabara. Kwenye mfumo wa heliamu, shinikizo likipanda bila sababu au shingo ya chombo ikiziba kwa barafu, usichokonoe kwa waya wala kupasha kwa mkono. Watoe watu chumbani na umpigie anayehudumia mashine hiyo, hata kama ni usiku na sampuli yako iko ndani.